Mafuriko Yakija, Nani Atambeba Bibi wa Jirani?

Tangu Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikitangazwa redioni asubuhi na jioni, wagonjwa wanaotoka Muyeye na mitaa mingine ya Malindi wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Daktari, kimbunga kinaweza kufika kwetu?" Kusema kweli swali hilo ni la wataalamu wa hali ya hewa. Lakini kwa kuwa linahusu uhai wa watu, leo nitalijibu kadiri ninavyoweza, kisha tuzungumzie lile ambalo kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe. Maji yakiingia mtaani usiku, ni nani hapo kwenu asiyeweza kutoka kwa miguu yake mwenyewe, na ni nani aliyepewa kazi ya kumtoa?

Kwanza hilo la kimbunga. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, na pia huhitaji mzunguko wa dunia ambao huupinda upepo mpaka ukazunguka kama pia ya mtoto. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, na ndiyo sababu ni nadra sana kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za Ikweta. Malindi iko kwenye nyuzi 3 tu upande wa kusini. Hiyo ni bahati tuliyopewa na mahali tulipo.

Hata hivyo majirani zetu hawakusalimika. Unguja ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, mashamba ya mikarafuu yakalala chini na vyombo vikavunjika bandarini. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Upande wa kaskazini, kimbunga Gati kiliingia Somalia Novemba 2020. Sisi tuko katikati, na kinachotufikia aghalabu ni mkia: mawimbi makubwa, upepo wa kung'oa makuti na mabati, na mvua. Basi mwenye ngalawa asikie onyo la bahari na alitii, na mwenye nyumba ya mabati akaze misumari kabla ya msimu. Lakini kinachoua watu wetu kwa wingi si upepo. Ni maji.

Maji ya Sabaki na maji ya mtaani

Wenye umri wangu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka 2018 Mto Sabaki ulivunja kingo zake, na familia nyingi za Magarini zikahamia kwenye kambi za mahema. Novemba 2023 mvua iliharibu daraja la Mbogolo, na barabara ya kutoka Mombasa hadi Malindi ikakatika. Kisha ikaja masika ya 2024, ambayo nchini Kenya iliua watu zaidi ya 200, wengi wao wakisombwa na maji.

Muyeye haiko kando ya Sabaki, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Maji ya mtaa uliosongamana ni ya aina nyingine. Hayaji kwa kishindo kama mto. Mvua inanyesha usiku kucha, mitaro ni michache na mingine imezibwa na mifuko, basi maji hupanda taratibu, yakipitia vyoo vya shimo kwanza, halafu jikoni, halafu chini ya kitanda. Mtu anaamka akikanyaga maji yenye kinyesi. Ukuta wa udongo uliolowa huweza kuanguka saa kadhaa baada ya mvua kukatika, wakati watu wamesharudi ndani kulala.

Tena msomaji asidharau maji machache yanayokwenda kasi. Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yaani yasiyofika hata katikati ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kuchukua gari dogo. Tuktuk haifiki uzito wa gari, na bodaboda ndiyo usiitaje. Nawaomba vijana wetu wa bodaboda waache ule ushujaa wa kuvusha abiria kwenye maji yasiyoonekana chini yake kuna nini.

Aliyemkumbuka alikuwa muuza maji

Katika mvua za mwaka 2023 nililetewa mama mmoja mzee ambaye alikuwa amepooza upande mmoja miaka mitatu kabla. Watoto wake wawili wanaume waliishi nyumba mbili tofauti karibu naye. Maji yalipopanda, kila mmoja alitoa mke na watoto, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amemchukua mama. Hawakuwa watoto wabaya. Walipokutana shuleni, kwenye mwinuko, ndipo walipotazamana.

Kumbe mama alikwisha kutolewa. Muuza maji anayepeleka mitungi nyumba hadi nyumba kila alfajiri alijua kuwa bibi yule hawezi kuinuka, akageuza mkokoteni wake, akamlaza juu yake na kumsukuma hadi barabarani. Nilimwona akiwa na baridi kali na kidonda mgongoni, lakini hai.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kina mafunzo yote ya somo hili. Mashua haikuhitajika, wala helikopta. Kilichohitajika ni mtu mmoja anayejua nani yuko katika nyumba gani na hali yake ikoje. Siku ile alipatikana kwa nasibu. Sisi tunataka apatikane kwa mpango, na mpango huo huandikwa jua likiwaka, wakati watu wanakuona huna kazi.

Orodha

Chukua daftari la shilingi ishirini. Anza na nyumba kumi zinazozunguka yako. Nchi yetu imekuwa na mpango wa Nyumba Kumi tangu 2013, ulioanzishwa kwa ajili ya usalama, na sioni kwa nini tuutumie kumsaka mwizi tu. Isitoshe, tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akiwa na kaya zipatazo 100 za kutembelea. Mhudumu wa mtaa wako tayari anaijua nusu ya orodha unayoitaka. Nusu iliyobaki anaijua muuza maji, mwenye kioski na mwalimu wa madrasa.

Wanaoandikwa ni hawa: waliopooza na wasioona, wazee wanaoishi peke yao, wajawazito waliofika miezi minane, waliojifungua karibuni, watoto ambao mama zao hufanya kazi ya usiku hotelini, nao hubaki na dada wa miaka kumi, wenye kifafa, wenye matatizo ya akili, ambao wakati wa kelele na giza huenda wakajificha badala ya kutoka. Msisahau watoto wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao ni wengi hapa Pwani. Mtoto huyo akinyeshewa, akashikwa na baridi na kukosa maji ya kunywa, damu yake huanza kuziba mishipa na mifupa ikamuuma hata akalia usiku kucha. Kwake yeye blanketi kavu na maji safi ni dawa.

Mbele ya kila jina andikeni majina ya watu wawili wa kumbeba, si mmoja, kwa maana mmoja huenda amesafiri Mombasa. Andikeni pia atabebwa kwa nini: mgongoni, kwa mkokoteni, kwa kiti cha plastiki kinachoshikwa na watu wawili, au kwa blanketi lenye watu wanne. Kisha jaribuni. Mzee wa kilo 70 kwenye kichochoro cha Muyeye si jambo la kukisia. Mtagundua kona ambayo mkokoteni haupiti, na ni afadhali kuigundua siku ya Jumapili mchana.

Jambo moja nalisisitiza kama daktari. Usiandike ugonjwa wa mtu kwenye daftari linalopita mikononi mwa watu. Wapo majirani zetu wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi, wapo wa kifua kikuu, na siri yao ni yao. Andika tu "ana dawa za kila siku". Inatosha kumfanya mbebaji aulize, "Mama, mfuko wa dawa uko wapi?"

Kwa nini watu hukataa kuhama

Maofisa huja na kipaza sauti, huwaambia watu wahame, kisha hushangaa na hata kukasirika watu wanapobaki. Mimi sishangai. Hapa Malindi watu wengi wameishi miaka mingi kwenye ardhi wasiyo na hati yake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa atoke, hasikii habari ya maji. Anasikia habari ya kiwanja. Anaogopa kwamba akirudi atakuta ua wa mtu mwingine. Mwingine anawaza mbuzi wake wawili, mwingine mabati mapya, na mama mwenye binti wa miaka kumi na minne anawaza giza la kambini na choo kilicho mbali.

Hofu hizi zote zina msingi, na kamati ya mtaa isiyozijibu itahubiria viziwi. Chifu na mzee wa mtaa watangaze barazani, mapema na mbele ya mashahidi, kwamba anayehama kwa sababu ya maji hajaacha kiwanja chake, na wapige picha za nyumba zilivyosimama. Vijana wanaoaminika wapangwe zamu za kulinda mtaa, wakiwa mahali pakavu, si juu ya mapaa. Mifugo itafutiwe mahali pake mbali na wanapolala watu. Huko kambini vyoo vya wanawake viwe peke yake, viwe na taa na komeo la ndani.

Wengi huuliza pa kuhamia. Aghalabu huwa ni shule, msikiti au kanisa lililo mahali pa juu. Pigeni hesabu kabla. Vipimo vinavyokubaliwa duniani vinataka kila mtu apate mita 3.5 za mraba za kulala. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita 56 za mraba. Basi linatosha watu 16. Ukiona watu 60 wamelala ndani yake, jua kuwa kikohozi cha mmoja kitakuwa cha wote kabla ya wiki kwisha. Kila mtu anahitaji maji lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuosha, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 50 mwanzoni, kisha idadi hiyo ishuke hadi 20. Shule nyingi zetu hazifiki hapo hata siku ya kawaida ya masomo. Ndiyo sababu shule moja haitoshi mtaa mzima, na familia zenye jamaa mahali pakavu zihimizwe kwenda kwa jamaa.

Mfuko wa dawa

Katika mvua zile za 2023 wengi walikuja kwetu si kwa kuumizwa na maji bali kwa kukosa dawa zao. Mwenye kifafa aliyekosa vidonge siku tatu huanguka. Mwenye shinikizo la damu anayeacha ghafla anaweza kupata kiharusi. Mwenye kisukari anayetumia insulini hana hata wiki ya kusubiri.

Basi wakati wa masika na vuli, kila mwenye dawa za kila siku awe na akiba ya wiki mbili, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na kadi yake ya kliniki na kitambulisho. Mwombe daktari wako akiba hiyo. Ni ombi la haki. Insulini haitaharibika kwa kukosa friji siku chache. Chupa inaweza kukaa nje ya friji hadi wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Kwa joto letu la Malindi, iweke ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho kikae ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Mama zetu walipoza maji ya mtungi kwa njia hiyo hiyo.

Wajawazito nawapa neno lao peke yao. Daraja la Mbogolo lilipoharibika, aliyehitaji kupelekwa hospitali ya Kilifi au Mombasa kwa barabara ile alikuwa amekwama. Mwenye mimba ya hatari, au aliyewahi kupasuliwa, akifikisha wiki ya 36 katika msimu wa mvua asisubiri uchungu umkute ng'ambo ya maji. Aende akakae kwa jamaa aliye karibu na hospitali ya Malindi, au azungumze na kliniki yake mapema juu ya pa kujifungulia.

Kengele ya mapema

Baadhi ya wasomaji watasema haya ni maneno ya kitabuni. Hebu tutazame Bangladesh, nchi maskini iliyo chini kuliko yetu. Mwaka 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 serikali na Hilali Nyekundu zilianza kuandikisha watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wenye bendera, vipaza sauti na orodha zao. Mwaka 1991 walikufa tena watu kama 138,000, na wanawake wakawa wengi kuliko wanaume, wengi wakiwa wamebaki nyumbani. Wakajifunza. Leo wana watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, karibu nusu yao wanawake, wanaoweza kuingia hadi uani na kusema na mama mwenyewe. Kimbunga kikubwa cha 2007 kiliua watu kama 3,400. Bado ni wengi, lakini linganisha na idadi ile ya kwanza.

Sisi wenyewe tuna mfano wetu. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yaliyotoka Indonesia yalichukua saa nyingi kufika kwetu, na fuo zetu zikaondolewa watu kabla. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako onyo halikuwafikia watu, ilipoteza mamia. Saa chache za onyo ni mali kubwa, mradi kuna wa kulipokea na kulipeleka mlangoni.

Kwa Muyeye, kamati ichague ishara tatu ambazo kila mtoto anazijua. Ya kwanza: fungasheni dawa na karatasi. Ya pili: walio kwenye orodha waondolewe sasa, kungali mchana na barabara kungali kavu. Ya tatu: kila mtu aondoke. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuwaacha wagonjwa na wazee wawe wa mwisho kwa kuwa ni wazito kubeba. Wao ndio wa kwanza. Tumieni kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa na filimbi, kwa maana simu huzimika na umeme hukatika. Simu zikiwa bado zafanya kazi, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Na ninyi mnaojitolea, msigeuke wahanga. Asiingie mtu majini peke yake, wala usiku, wala bila kamba iliyoshikwa na wenzake. Vaeni viatu vya mpira, kwa kuwa maji ya mafuriko yamechanganyika na mkojo wa panya na misumari. Mwenye jeraha aoshe kwa sabuni siku hiyo hiyo na aende zahanati akaulizie sindano ya pepopunda.

Baada ya maji

Magonjwa ya mafuriko huja kwa zamu. Siku ya kwanza ni majeraha na kuzama. Kuanzia siku ya pili au ya tatu ni kuhara, na kipindupindu kikiingia kinaweza kumkausha mtu mzima akafa kabla ya jua kutua. Wiki ya nne hadi ya nane, vidimbwi vikishatulia, ni malaria. Kwa hiyo chandarua hubebwa pamoja na mfuko wa dawa, hata kama siku ile hakuna mbu hata mmoja.

Mtu akianza kuhara maji maji, msingoje. Changanya pakiti ya chumvi ya kuongeza maji katika lita moja ya maji safi. Kama pakiti hakuna, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vidogo sita vya sukari, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja. Mtoto anyonye kama kawaida na apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Siku ya kurudi, watangulie watu wazima mchana, wakiwa na fimbo na viatu. Wagonge kuta na kuzitazama nyufa kabla ya kuingia. Nyoka nao walikimbia maji, na hujificha chini ya magodoro, ndani ya mitungi na kwenye lundo la kuni. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kuzuia damu. Alazwe, mguu utulizwe usitikisike, avuliwe pete na bangili, apelekwe hospitali haraka. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kisitumiwe kwa kunywa mpaka kitolewe maji yote na kutiwa dawa ya klorini na watu wa afya ya umma. Hadi hapo kila tone la kunywa lichemshwe mpaka litokote, au litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungojewa nusu saa. Magodoro yaliyolowa maji ya chooni yasianikwe yakatumiwe tena, hata kama yanaonekana kukauka, na watoto warudishwe nyumbani pindi sakafu imeshaoshwa kwa dawa na kukauka.